Mwaridi Ndani ya Kasha

Zena mwanangu, kabla ya salamu, funga mlango. Kama mumeo yuko chumbani, mtume kitu dukani. Kama mavyaa wako, mama yake Seif, amekuja kutafuta sindano, mpe sindano na usubiri mpaka atoke, maana sindano haitafutwi kwa macho yanayozunguka darini. Barua hii nitaishona ndani ya mto wako wa sufi, kwa sababu karatasi iliyowekwa wazi husomwa na kila mwenye macho, na wasiojua kusoma husomewa. Kesho nitakunong'oneza uupasue mto ukifika. Umefunga? Haya, assalamu alaykum, binti yangu.

Sitakuandikia mambo ya kupika wala ya kukaa na mume. Hayo umefundwa, na yaliyobaki utafundishwa na mawifi zako wa Kilwa, tena bila ya kuwaomba. Nakuandikia habari za maua yangu. Utacheka. Utasema mama hata siku ya kuniaga ana maua yake kichwani. Cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Ni mchana, nimetoka kusali adhuhuri. Wewe na Seif mmekwenda kuwaaga shangazi zako. Fungate yenu imekwisha, kesho asubuhi mnaondoka, na mimi nimetumia nafasi hii kufungua kasha lako. Ndiyo, nimelifungua. Nilijiambia nakuongezea udi. Kweli yenyewe ni kwamba nilitaka kuona wakwe zako wametia nini humo, kwa sababu watu wanaotoa zawadi nyingi vile ndani ya siku saba lazima wana jambo lao. Jambo lao sikuliona. Chini kabisa, ndani ya kanga yako kuukuu, niliona kifuu cha nazi kilichojazwa udongo na kumbi bichi, na ndani yake umesimama mche wa mwaridi wenye majani saba.

Damu ilinipanda. Nililowaza kwanza, Mungu anisamehe, ni kwamba mwanangu mwenyewe ameniibia. Nikatoka uwani mbio, kichwa wazi, nikaukagua mwaridi wangu tawi kwa tawi, natafuta kidonda cha kisu. Hakuna. Hapa Baleni hapana mwaridi mwingine ila wangu, kila mtu anajua hivyo, na mimi ndiye niliyehakikisha iwe hivyo. Basi huu umetoka wapi? Nikarudi ndani, nikakigeuza kile kifuu. Kilikuwa kimefungwa kwa ukindu, fundo limelazwa ubavuni na ncha zake zimerudishwa ndani mara mbili. Fundo hilo nalijua. Ni la mtu mmoja tu, na ndilo analofungia pindo za mikeka yake. Nikakaa juu ya kasha, na bado nimekaa hapo nikiandika.

Unajua mwaridi wangu ulikotoka, nimekusimulia mpaka umechoka. Bibi yako aliuleta kutoka Unguja alipokuja kuolewa huku, ukiwa kijiti kilichochomekwa katika kipande cha mgomba. Watu walimcheka. Walisema huo ni mmea wa majumba ya mawe, hauwezi kuota kwenye mchanga wetu. Bibi yako akaulisha maji ya kuoshea samaki na majivu ya makumbi, na upepo wa kusi ulipovuma sana akauosha majani kwa kata, moja moja, kuondoa chumvi. Ukashika. Aliponiachia mwaridi, aliniachia na neno: "Usiutoe. Ukitoa kijiti kimoja, kesho kila nyumba ina mwaridi, na wewe huna kitu."

Neno hilo nililishika kuliko mengine mengi mazuri aliyoniambia. Maua mengine niliyapanda kama watu wote wanavyopanda. Asmini inataka jua na kisu. Ukiionea huruma usiipogoe, inakupa majani matupu. Mkilua unataka kivuli na una maringo. Rehani huota hata pale unapomwaga maji ya kunawia. Mlangilangi niliupanda karibu mno na wigo nikajuta, maana ulirefuka ukawa unawanukia majirani kuliko unavyoninukia mimi, na jioni niliwasikia upande wa pili wakivuta pumzi wakisema mashallah. Wallahi nilikasirika, kana kwamba wananiibia kwa pua.

Lakini harusi za Baleni zilikuwa hazisimami bila ya waridi. Kikuba cha bibi harusi, kile kifurushi kidogo cha asmini, rehani na vipande vya mkadi anachobandikwa kifuani, kilitakiwa kiwe na waridi katikati, na waridi lilikuwa kwangu. Kila mwenye kuoza binti alikuja kubisha hodi, akakaa jamvini, akazunguka na maneno ya mvua na ya muhogo, nami nikimwacha azunguke. Harusini nikikalishwa mbele. Mtu akizoea kukalishwa mbele, kutwa hugeuza shingo kutazama nani anakuja nyuma.

Nilikuwa nikihesabu matumba kila alfajiri. Nilifunga uzi mweusi kwenye mwanya wa wigo nijue kama kuna aliyepita. Mbuzi wa jirani alipokula matawi mawili, sikuamini kwamba ni mbuzi tu. Nilimtazama machoni nikitafuta aliyemtuma. Mdachi mmoja wa bomani alipotuma askari kuomba mawaridi ya mezani kwake, nilimwambia askari mti umekufa, na huku unanukia nyuma yangu. Nilisema moyoni, huyu hataki ua, huyu anataka kujua uwani kwangu mna nini. Tena nikafukia kifuu chenye kitambaa chekundu na majivu penye mlango wa uwani, ili watu wadhani ni kago la mganga la kumnasa mwizi. Hapakuwa na mganga wala kisomo, majivu yenyewe ya jikoni. Babako, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakohoa. Lakini haukupita mwezi, mimi mwenyewe nikawa naliruka kila nikipita.

Sasa nifike kwa mwenye fundo.

Bi Mwanaisha alikuwa shoga yangu kabla hujazaliwa. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, ubao mmoja, na tulivunja ungo mwaka mmoja. Ulimkuta ameshakuwa msuka mikeka, lakini zamani hakukuwa na mwanamke aliyefunga vikuba kama yeye. Asmini mikononi mwake haikuvunjika hata moja. Mimi nilikuwa na maua, yeye alikuwa na mikono, na harusi zilituhitaji sote wawili. Siku moja akaniomba kijiti cha mwaridi. Aliomba waziwazi, anacheka: "Shoga, na mimi nipande changu, hata nikifa nife nanukia."

Mimi nilisikia nini? Nilisikia mtu anayetaka kuwa na mikono na maua pia. Kumnyima sikuweza, ni shoga yangu. Nikakata kijiti kizuri, nikaingia jikoni, nikachovya mguu wake katika chungu cha maji yanayochemka, nikahesabu mpaka kumi. Juu kilibaki kibichi. Chini kilikuwa kimekufa. Nikakifunga kwa jani la mgomba, nikampa kwa mikono miwili.

Kilikauka. Akaja kuniomba radhi, Zena. Yeye kuniomba radhi mimi, kwa kuharibu kitu changu. "Labda nimekizidishia maji," alisema. Nikamwambia, "Labda." Mwaka wa pili nikampa kingine, nacho nimekichovya. Kikafa. Mwaka wa tatu nikafanya vilevile, na mara hii sikuhesabu hata kumi, mkono ulikuwa umeshazoea.

Mwaka huohuo tulikuwa tunafunga vikuba vya harusi fulani, mwanamke mmoja akasema kwa mzaha kwamba Mwanaisha ana mkono mbaya, kila anachokipanda kinakufa. Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka. Mwanaisha alikuwa amezika watoto wawili kabla hawajatambaa. Niliona macho ya wanawake yakitoka kwenye mikono yake yakienda tumboni kwake, kisha yakainama. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, mawaridi mapajani. Neno moja lingetosha. Si mkono wake, ni mimi. Lilifika mpaka kwenye meno, nikalimeza.

Tangu siku hiyo hakuna bibi harusi aliyefungwa kikuba na Mwanaisha. Wenye mimba walibadilisha njia wasikutane naye kisimani. Naye akipita karibu na mche wa mtu alikuwa akiificha mikono ndani ya kanga, hata mimi nikamwona. Akashika mikeka. Aliulizwa mbona mikeka, akasema ukindu umeshakufa, hauwezi kuuawa tena.

Utadhani nilimhurumia. Nilimshuku zaidi. Mtu uliyemdhulumu, mwanangu, ndiye unayemwogopa kuliko wote, maana unajua wewe ungemfanya nini kama ungekuwa yeye. Asmini ikipungua nilisema ni Mwanaisha. Mlangilangi ukiingia wadudu, ni Mwanaisha. Ulipofika miaka tisa nikakupeleka kwake ujifunze kusuka, na watu wakasema nimefanya jambo jema kumtafutia mpweke mtoto wa kukaa naye. Nilikupeleka ukachungulie. Kila ulipoingia nyumbani nilikuuliza, "Umeona nini uwani kwa Bi Mwanaisha?" Nawe ukinijibu, bila ya kupepesa macho, "Mikeka tu, mama." Nikakuamini. Baleni nzima nilikuamini wewe peke yako.

Na juma lililopita ulitaka yeye ndiye akufunge kikuba cha harusi. Somo yako aliyekufunda akashtuka, shangazi zako wakaleta astaghafiru, nawe ukanigeukia mimi. Nikasema, "Wasikilize wakubwa zako." Ulilia, na watu wakadhani ni kilio cha bibi harusi.

Naweka kalamu. Nakwenda kwake kabla moyo haujapoa.

* * *

Nimerudi. Alasiri imeshaadhiniwa. Bado hamjaja, bila shaka shangazi yako mkubwa amekutilieni chakula cha pili. Nakuandikia upesi.

Nilikata kijiti bora kuliko vyote, chenye macho matatu, nikakitia katika bakuli la maji nikalibeba kwa mikono miwili. Njiani sikuacha tabia yangu. Niliwaza amekupa mche ule ili watu wa Kilwa wajue habari yangu. Niliwaza atapiga ukelele majirani wakusanyike. Nikawaza hata kwamba fundo lile ameliacha kusudi nilione. Mara mbili nilisimama nikataka kurudi.

"Hodi."

"Karibu, Mama Zena," aliitika kutoka uwani, hata hakuuliza ni nani.

Alikuwa amekaa anasuka. Nikaweka bakuli mbele yake. Maneno niliyoyapanga yote yalikuwa yamepotea, nikasema tu, "Nimekuletea kijiti."

Akaweka ukindu chini. Hakukitazama kijiti. Alitumbukiza kidole ndani ya yale maji, akakiacha humo, ananitazama mimi. Zena, sijapata kuona haya kama ile tangu nizaliwe. Ilikuwa zaidi ya kuhesabu kumi.

"Baridi," akasema.

Nikamuuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Kile cha tatu. Nilikibana chini nikipande, ganda likanibandukia mkononi, kinanuka mchicha wa jana. Nikakata pale palipoiva, nikapanda kipande cha juu."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Watu walishanipa jina. Ningesema shoga yangu anachemsha vijiti, wangesema ana mkono mbaya na ulimi mbaya." Akakung'uta kidole. "Na wewe ungekuja kuung'oa."

Sikubisha, kwa sababu ningekuja.

Akainuka, akanipeleka nyuma ya kibanda cha kuogea. Pale, Zena, pale ulipokuwa ukipaona tangu una miaka tisa, umesimama mwaridi mrefu kuliko mimi. Majani yake yana afya kuliko ya wangu. Lakini hauna ua hata moja, wala tumba, na mashina yote yamejaa makovu madogo. Nilidhani ni wadudu. Akaniambia: "Nakata matumba kabla hayajafunguka, harufu isikufikie. Zena ndiye aliyekuwa akinisaidia, mkono wake unafika juu."

Miaka yote hiyo amekuwa na mwaridi ambao hajapata kuunusa. Nililia mbele yake, na hakunibembeleza. Nilimwomba msamaha, akaniambia, "Bado. Nipe kesho kwanza."

Kesho wanawake watakusanyika hapa asubuhi kukufunga kikuba cha safari. Nimemwambia aje, yeye ndiye atakayekifunga, na mimi nitasimama mbele ya somo yako, shangazi zako na kila mtu, niseme nilichofanya na vile vijiti. Nimeapa. Lakini najijua. Nimeshuku watu wengi bure, na leo nimempata mmoja wa kumshuku kwa haki, naye ni mimi. Nitayaona macho yao, nitaona nafasi yangu ya mbele, nami naweza kumeza tena.

Kwa hiyo barua hii siishoni. Nitakupa mkononi leo, jua halijazama, uisome mbele yangu. Kesho uwe nayo kifuani. Watakapokuwa wamekaa wote, ukiona nimefungua mdomo nikaanza habari za mvua na muhogo, toa karatasi usome kwa sauti, kuanzia pale pa chungu. Mlango uwe wazi. Usinionee huruma, kama mwenyewe ninavyosema juu ya asmini.

Kuhusu mche wako, sina la kukufundisha, umefunzwa na anayejua. Ukiota Kilwa wakakuuliza nani aliyeupanda, waambie ni mkono wa Bi Mwanaisha wa Baleni. Uache uchanue. Atakayekuomba kijiti, mpe. Na kama moyo hautaki, mnyime usoni pake, akasirike, yaishe. Aliyenyimwa kijiti hatakufa.

Liko jambo moja linaloniuma kuliko haya yote na sitalificha. Ulikuwa mtoto wa miaka tisa ulipoanza kunidanganya, na ulifanya vema. Ulinijua. Miaka kumi umekata matumba ya mwaridi ili mamako asisikie harufu, halafu ukaja kulala ubavuni pangu. Na leo unapoondoka umeuficha ndani ya kanga kuukuu, chini kabisa, kwa kuwa ulijua nitafungua kasha. Nilikuwa natafuta mwizi wa maua nyumba kwa nyumba, kumbe nyumba ambayo maua yanafichwa ni yangu. Nisamehe, mama. Na kama na wewe unataka kesho kwanza, nitangoja.

Nawasikia watoto wa jirani wanawaamkia shikamoo njiani, nadhani mmefika kona. Kasha nimelifunga kama lilivyokuwa, kanga nimeikunja mikunjo ileile yako. Kumbi lilikuwa limeanza kukauka, nikalimwagia maji kidogo. Nilitia kidole kwanza.

Mamako